Nyuki kabla ya masika: shira au asali yao?

Ulaya, kabla ya baridi, nyuki hupewa shira nzito: kilo 2 za sukari kwa lita 1 ya maji. Dar hatuna theluji. Tuna masika, Machi hadi Mei, mvua inawafungia mzingani na kuosha maua. Nyuki wetu wakibanwa na njaa hawasubiri kufa, wanahama.

Kuwaachia masega yao ndiyo chaguo langu, ingawa najua kila sega ni pesa. Shira? Ile nyepesi, nusu kwa nusu, huchacha upesi kwenye joto hili, na tone likimwagika sisimizi wamefika kabla hujageuka. Naitumia kwa kundi changa tu, jioni, ndani ya mzinga. Sukari guru usithubutu: inawaharisha.