Vipuri vya miguu ya Mercedes-Benz W124: kipi kinunuliwe kwanza na mtu anayefunga mwenyewe nyumbani Dar es Salaam

Mercedes-Benz W124 lilianza kutoka kiwandani mwaka 1984, na hata yale ya mwisho mwisho ya miaka ya 1990 sasa yana umri ambao raba ya gari haiuvumilii. Ndiyo maana gari lililotunzwa vizuri, lenye injini tulivu na viti visivyochanika, hugonga miguuni kila linapovuka tuta, huvuta upande mmoja likishikwa breki, na matairi yake ya mbele hulika upande wa ndani. Mwenye gari hushauriwa abadilishe shokapu zote nne, tena mara nyingi kabla gari halijapandishwa jeki. Ushauri huo humgharimu bure, kwa sababu kwenye gari hili mlio wa kugonga hutoka zaidi kwenye bojointi (kiungo cha duara kinachounganisha mkono na kishikio cha gurudumu), kwenye bushi (raba zenye chuma) za mikono ya chini, yaani vyuma vinavyounganisha gurudumu na gari, na kwenye raba za stabilaiza, chuma kinachozuia gari kulala upande kwenye kona, kuliko kwenye shokapu zenyewe.

Kabla ya kwenda Kariakoo au Gerezani kutafuta spea, kwa hiyo, gari likaguliwe. Springi ya mbele ya W124 haikuzungushiwa shokapu kama ilivyo kwenye magari mengi ya Toyota, bali imekaa peke yake juu ya mkono wa chini. Jeki ikiwekwa chini ya bodi, springi huendelea kuusukuma mkono na bojointi iliyokufa hujificha; ikiwekwa chini ya mkono wenyewe, karibu na gurudumu, mzigo huondoka kwenye bojointi, na mtaimbo mfupi ukiinua tairi kidogo kutoka chini utaonyesha ulegevu wote. Bushi hutazamwa kwa tochi: raba iliyopasuka ikaachana na chuma chake imekwisha, hata kama gari bado halijaanza kupiga kelele.

Kigezo ninachotumia kupanga ubora wa vipuri hivi ni kimoja. Mtu anayefanyia kazi uani kwake Tabata au Mbezi ana jeki, stendi na sanduku la spana, lakini hana presi ya kutolea na kusukumia bushi. Kipuri kilicho bora kwake ni kile kinachofungwa kwa spana peke yake, na kilichotengenezwa na kiwanda kilichozoea kuiuzia Mercedes-Benz.

Nafasi ya kwanza ninaipa mikono kamili ya Lemförder, kampuni iliyo chini ya ZF ya Ujerumani. Mkono wa mbele huja ukiwa na bushi zake mbili na bojointi yake vyote vimeshasukumwa mahali pake. Ni kweli kwamba bei yake inazidi ile ya bushi tupu, lakini anayenunua bushi tupu atalipia presi, atapoteza siku nzima, na mara nyingi atarudishiwa mkono ambao bushi yake imeingizwa upande upande kwa nyundo. Kipuri cha aina hii kiombwe kitolewe kwenye boksi, kishikwe mkononi. Nembo na namba huwa ndani ya chuma chenyewe, si kwenye karatasi iliyobandikwa peke yake, na wakati mwingine utaona sehemu ndogo iliyosagwa: hapo palikuwa na nyota ya Mercedes, ambayo kiwanda huiondoa kinapouza kipuri kilekile kwa jina lake chenyewe. Alama hiyo ya kusagwa huwatia wanunuzi wengi wasiwasi, ilhali ni dalili njema.

Namba nayo ina mambo yake. Namba ya kipuri cha Mercedes huwa na herufi A na tarakimu kumi, na tatu za mwanzo kwa kawaida hutaja aina ya gari ambalo kipuri kilibuniwa kwa ajili yake. Usikikatae kipuri kwa sababu tu hazianzi na 124, kwani vipande vingi vya nyuma vilirithiwa kutoka kwa Mercedes 190 ya mwaka 1982, na namba zake huanza na 201. Nenda dukani na namba ya chasisi ya gari lako badala ya kutaja mwaka, kwa kuwa gari la stesheni wagon huwa na mfumo wa mafuta ya haidroli unaosawazisha kimo cha nyuma, na shokapu ya kawaida ya saluni haiwezi kufungwa hapo.

Nafasi ya pili ni vipuri vyenye nyota, yaani vya Mercedes-Benz yenyewe. Ubora wake hauna shaka. Kinachovishusha ni kwamba kwa vipande vingi unalipia boksi tu. Vinafaa pale ambapo watengenezaji wengine hawafiki, hasa raba zinazokaa juu ya springi. Raba hizo zina vinundu, kuanzia kimoja hadi vinne, vinavyoonyesha unene wake. Hesabu vinundu vya ile iliyotoka kabla ya kununua, la sivyo gari litasimama upande mmoja juu kuliko mwingine.

Ya tatu ni bidhaa za kampuni ya Meyle, hasa zile za daraja la HD, yaani zilizoimarishwa, pamoja na za febi bilstein. Ninazikubali kwa raba za stabilaiza na kwa mikono myembamba ya nyuma. Hapa pana mkanganyiko unaowagharimu watu. Febi bilstein na Bilstein inayotengeneza shokapu ni kampuni mbili tofauti, ingawa zote zinatoka mji mmoja wa Ennepetal, Ujerumani. Anayetaka shokapu ya Bilstein na akauziwa boksi la febi hajapata alichokilipia. Kwa barabara zetu, shokapu za Bilstein za daraja la B4 au za kampuni ya Sachs zinatosha kabisa; B6 ni ngumu zaidi, na juu ya matuta ya mtaani itamnyima mwenye gari ule ulaini aliolinunulia W124. Zinunuliwe mbili mbili, za ekseli moja kwa pamoja.

Bushi za plastiki ngumu, zinazosifiwa kwa kudumu, ninaziweka nafasi ya nne, na kwa nyuma sizishauri kabisa. Kila gurudumu la nyuma la W124 linashikwa na mikono mitano, na bushi zake hujipinda pande nyingi kwa wakati mmoja. Bushi isiyopinda huukaza mfumo mzima.

Mtumba ununuliwe kwa vyuma tu: springi ambayo haijakatwa, au kishikio cha gurudumu. Raba na bojointi za mtumba zina umri uleule wa zile unazozitoa. Kopi zisizo na jina, pamoja na bushi zinazochongwa kwa raba ya tairi, ziko mwisho kabisa, na bojointi ya namna hiyo naikataa hata ikitolewa bure, maana ikichomoka gurudumu hulala chini ya gari likiwa kwenye mwendo.

Anayeanza kujifunza aanzie nyuma. Mikono minne kati ya ile mitano hufunguliwa mmoja mmoja bila kuigusa springi, na huuzwa kwa seti. Mbele ni hatari zaidi: mkono wa chini hautoki mpaka springi ibanwe kwa kibanio kinachoingia ndani yake, na vibanio vya kushika nje, vilivyozoeleka madukani, haviingii pale. Asiyekuwa na kibanio sahihi anunue mikono yake mwenyewe kisha akamlipe fundi mwenye kifaa hicho amfungie, kwa sababu springi ikifyatuka inaua.

Bolti za ndani za mkono wa mbele zina vichwa visivyo katikati, navyo ndivyo hupanga mlalo wa gurudumu. Vipigwe alama ya rangi kabla ya kufunguliwa. Bolti za bushi zote zisikazwe kabisa gari likiwa linaning'inia, bali zikazwe likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya magurudumu, kwani bushi iliyokazwa ikiwa imejipinda itachanika mapema, hata ikiwa ya Lemförder. Kisha gari lipelekwe kupimwa alaimenti siku hiyohiyo, kabla matairi hayajaanza kulika.