TAHADHARI: Kontrola za joto za "40A" za smoka ya umeme zinazouzwa Mombasa, zikague kabla hujatuma pesa

Mama karanga mnaouza samaki na wenzetu wote mnaokausha samaki kwa moshi wa umeme, kuanzia Likoni hadi Kongowea na Mtwapa, someni hii kabla hamjamtumia mtu pesa. Kuna seti ya kontrola ya joto inayotangazwa kwenye magrupu ya WhatsApp na kuletwa mlangoni kwa boda: kisanduku chenye tarakimu nyekundu na kijani, rilei nyeupe (swichi inayoendeshwa kwa umeme) iliyoandikwa SSR-40DA, bati la kupozea, na sensa yenye kichwa cha bolti. Maneno ya wauzaji ni yale yale: "PID orijino, inabeba elementi yoyote, moshi moto na moshi baridi, funga tu utumie." PID ni kontrola inayojirekebishia joto yenyewe. Karibu kila neno hapo ni uongo, na uongo mmoja au miwili kati ya huo unaweza kuchoma nyumba.

Anza na stika ya ubavuni. Kontrola nyingi za namna hii ni nakala za REX-C100, muundo wa kampuni ya RKC ya Japani, na namba yake kamili husomeka kama REX-C100FK02-V*AN. Herufi inayofuata kistari cha pili ndiyo ya kuangalia. V ina maana kwamba kontrola inatoa volti ndogo za DC (umeme wa namna ya betri) za kuamsha rilei ya nje, yaani hiyo SSR. M ina maana kwamba ndani mna rilei ndogo ya kawaida, na kwenye pini 4 na 5 hakutoki volti yoyote. Zinashikana na kuachana tu kama swichi. SSR-40DA inahitaji volti 3 hadi 32 za DC ndipo iamke. Ukiifunga kwenye kontrola ya M, haitaamka hadi kiama. Na hapo ndipo ulipo ujanja: zipo ambazo stika inasema V na ndani ni M, kwa hiyo kusoma stika peke yake hakutoshi.

Kuipima hakumalizi dakika tano. Iwashe kontrola bila elementi, sensa ikiwa imefungwa mahali pake. Panga SV, yaani joto unalolitaka, juu ya joto la chumba, tuseme 60. Taa ya OUT1, inayoonyesha kontrola inaagiza moto, ikiwaka, weka mita kwenye DC 20 na uguse pini 4 na 5 kwa ncha za mita. Vidole viwe mbali na pini 1 na 2, kwa sababu hapo pana stima kamili ya volti 240. Kontrola ya V itaonyesha volti za DC, kwa kawaida kati ya 8 na 12. Ukiona sufuri, na kila OUT1 inapowaka unasikia "tak" ndani ya kisanduku, umeuziwa M. Mtake muuzaji akupimie mbele yako kabla hujalipa. Akikwambia "hizi hazipimwi, ni mpya", mrudishie mzigo wake palepale.

Hasara haiishii kwenye pesa. Mnunuzi akilalamika kwamba elementi haipati moto, jibu analopewa ni hili: "Achana na SSR, pitisha laini ya stima moja kwa moja kwenye 4 na 5." Tafadhali, usifanye hivyo kamwe. Rilei ya ndani imetengenezewa 3A, na kwa stima yetu hiyo ni wati 720 tu. Elementi ya wati 1,500 inavuta 6.25A, zaidi ya mara mbili. Itakwenda siku chache, halafu vidude vya ndani vinavyogusana vitayeyuka na kushikana. Tarakimu zitapanda 75, 90, 140, taa ya OUT1 imezima kama inavyopaswa, lakini elementi bado inawaka. Mafuta ya nguru yanadondoka kwenye trei ya makumbi na vumbi la mbao, na hapo hakuna tena cha kuuzima moto huo isipokuwa mtu aliye karibu na plagi.

Tuje kwenye SSR yenyewe. Nyingi hubeba jina la Fotek, kampuni ya Taiwan, na bandia zake zimeenea duniani kiasi kwamba UL, shirika la Marekani linalopima usalama wa vifaa vya umeme, lilitoa onyo la hadharani kuhusu zile zenye alama yake ya kughushi. Bandia zikifunguliwa, mara nyingi ndani hukutwa triaki (kipande kinachopitisha stima) ya 12A au 16A, si 40A. Hata bila kuifungua, tazama skrubu za kufungia waya. Waya wa kubeba 40A ni wa milimita 6 za mraba au zaidi. Jaribu kuusokotea pale uone kama utakaa.

SSR yoyote, hata iliyo halali, hutoa joto la kama wati 1 hadi 1.5 kwa kila ampia inayopita. Elementi ya wati 3,000 ni 12.5A, kwa hiyo mgongo wa rilei unabeba joto la karibu wati 19, sawa na kuifunga soldaringi ndogo nyuma yake na kuiacha ikiwaka mchana kutwa. Bati la kupozea linalokuja na seti mara nyingi ni jembamba, greisi ya joto haimo, na fundi analifungia ndani ya boksi la plastiki lisilo na tundu, katika jiko la Mombasa ambalo lenyewe liko nyuzi 33. Bati likae nje ya boksi, mapezi yakiwa wima ili hewa ipande, na upake greisi nyembamba kati ya rilei na bati.

Kisha kuna jambo ambalo muuzaji hatakwambia: SSR ikifa, mara nyingi hufa ikiwa imefunga, maana yake elementi inabaki imewaka. Ndiyo sababu hata mwenye kontrola nzuri anatakiwa kupitisha laini ya elementi kwenye kikata moto cha pembeni, yaani swichi inayokata stima joto likizidi. Kwa elementi isiyozidi wati 2,000, KSD301 ya 10A inatosha, aina ya NC (inayopitisha stima mpaka joto lizidi) yenye kitufe cha kubonyeza kwa mkono ili irudi. Kwa anayevukiza kwa nyuzi 70 hadi 90, chagua ya nyuzi 120 na uifunge kwenye bati la ndani, upande wa juu. Ndani yake ni kibamba cha metali mbili kinachopinda kikipata joto. Hakina programu wala sensa ya kudanganywa. Hakimo kwenye seti hizo hata moja.

Sensa ya seti ni ya aina ya K, kichwa chake bolti ya M6. Ukiifunga ukutani inasoma bati, si hewa waliyomo samaki. Nunua yenye mrija mrefu wa chuma cha pua, iingie hadi usawa wa trei ya samaki, mbali na ukuta, na isikae juu kabisa ya elementi. Hakikisha waya hazikugeuzwa. Sensa ya K iliyofungwa kinyume husoma kwenda chini kadiri joto linavyopanda, na kontrola, ikidhani kuna baridi, itazidi kuchochea moto. Ishike kwa vidole: namba zikishuka, badilishanisha nafasi za waya hizo mbili. Na usiirefushe kwa waya wa kawaida wa shaba, kwa sababu itaanza kudanganya kulingana na joto la pale ulipounga.

Kuhusu kupima usahihi, sisi wa pwani tuna bahati. Tuko usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanayotokota ni nyuzi 100 kamili. Nairobi, kiasi cha mita 1,700 juu, hutokota kwenye 94 au 95, na anayefuata maelekezo ya huko bila kujua atapotosha usomaji wote wa sensa. Jaza glasi barafu iliyopondwa na maji kidogo, koroga, subiri dakika tatu: isome 0. Kisha sufuria inayotokota: isome 100. Tofauti ya nyuzi moja au mbili hurekebishwa kwenye menyu. Ikipita tano, usiipikie chakula cha watu.

Wauzaji haohao wana seti ya bei ya chini zaidi, STC-1000. Ni kifaa kizuri kikiuzwa kwa ukweli. Mwisho wake ni nyuzi 99, si 150 wanazoandika. Rilei yake ni ya 10A. Ishie kama 7A, yaani wati 1,600. Sensa yake ni NTC (ukinzani wake hushuka joto likipanda) ya kilo-om 10: ipime kwa mita katika chumba cha nyuzi 30 na usome karibu kilo-om 8. Pini 5 na 6 hazitoi stima zenyewe, lazima laini ivushwe hadi 5. Na angalia stika kwa makini, kwa sababu ipo ya volti 110 yenye sura ileile kabisa, na kwenye soketi zetu itaungua mara moja.

Hilo la volti linatufikisha kwenye udanganyifu unaouma zaidi, kwa sababu unawakuta watu waliojinyima kununua. Smoka za mitumba kutoka Marekani, zilizoandikwa 120V na 800W, zinauzwa pamoja na kontrola kwa maneno kwamba "kontrola inapunguza stima". Haipunguzi. Inawasha na kuzima tu, na ikiwasha inapitisha 240 zote. Elementi hiyo ina om 18. Kwa 240 inakuwa wati 3,200, mara nne ya ilivyotengenezwa. Ipo njia moja tu ya maana bila kubadilisha elementi: transfoma ya kushusha 240 kwenda 120, ya wati zisizopungua 1,000.

Neno "moshi baridi" nalo liangaliwe. Moshi baridi hufanyika chini ya nyuzi 30. Mombasa, ndani ya boksi lenye kitu kinachowaka, hupati hiyo bila friji, na kontrola haitengenezi baridi. Anayejaribu huwaacha samaki kwenye nyuzi 35 au 40 kwa saa nyingi, joto ambalo bakteria wanalipenda. Kwa jodari na nguru hatari ni kubwa zaidi: wakishinda kwenye joto hutengeneza histamini, na histamini haiondoki kwa kupikwa. Fanya moshi moto, nyama ya katikati, pale penye unene, ifike nyuzi 63 na ikae hapo dakika 30. Pima kwa kipimajoto cha pili. Sensa ya hewa haijui ndani ya samaki mna nini.

Kwa malipo, usitume kwa namba ya mtu kabla ya kuona mzigo. Lipia till, na jina linalotokea lifanane na la duka. Ukituma ukagundua umeibiwa, peleka ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 papo hapo, kabla hajatoa pesa. Piga picha stika, mita ikionyesha sufuri kwenye 4 na 5, na tangazo lenyewe kabla halijafutwa. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na si lazima uwe na wakili.

Na wewe ambaye seti hii tayari iko kwenye jiko lako: chomoa plagi leo. Pima 4 na 5, kagua waya za sensa, funga KSD301, hakikisha athi (waya wa usalama wa kwenda ardhini) imeshika kwenye bati la jiko. Kisha iwashe tupu, bila samaki wala vumbi la mbao, kwa saa mbili ukiwa umekaa hapo hapo, na kila nusu saa sogeza kiganja karibu na bati la SSR, bila kuligusa na bila kukaribia waya. Likiwa linachoma hata kwa mbali, punguza elementi au badilisha rilei kabla hujaweka hata samaki mmoja.