Nimeenda Berlin kumuona Mjusi wetu wa Tendaguru, na nyie mkifika huko msimpite

Wadau, mwezi uliopita nilikuwa Berlin siku nne kwa mambo ya kikazi, na kabla hata sijapanda ndege nilishajiapiza kwamba hata nikikosa muda wa kitu kingine chochote, Mjusi, yaani ile mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, lazima nimuone. Sisi wa Lindi tumekua tunasikia tu, Mjusi wetu yuko Ujerumani, ukiuliza mjusi gani unaambiwa mkubwa kuliko nyumba, basi imeisha hiyo. Shuleni nako tulipewa sentensi moja ya kunakili kwenye daftari tukapiga mstari tukahamia mada nyingine, na inaniuma mpaka leo maana Tendaguru haiko mbali, ni kama kilomita 60 tu kutoka Lindi mjini.

Jumba lenyewe linaitwa Museum für Naturkunde, lipo Invalidenstraße, unapanda treni ya chini ya ardhi ya U6 unashuka kituo cha Naturkundemuseum, ukitokeza juu ni kutembea kidogo tu. Jumatatu wanafunga, hilo mliandike mahali. Mimi nilienda katikati ya wiki saa nane mchana, watoto wa shule walikuwa wameshaanza kuondoka na kumetulia vizuri.

Sasa ukishakata tiketi hakuna kutafuta tafuta, unaingia tu na ukumbi wa kwanza ndo huo, paa la kioo juu, na yeye amesimama katikati. Aisee. Nilikuwa nimeshaona picha zake mara nyingi kwenye simu lakini picha inadanganya, kichwa kiko mita 13.27 kutoka chini, yaani fikiria ghorofa nne halafu juu kabisa kuna mnyama anakuchungulia, na hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa mirefu kuliko hiyo duniani. Mfupa wake mmoja tu wa mguu wa mbele, ule wa juu unaoanzia begani, una urefu wa mita 2 na sentimita 13, mimi sio mfupi ila ukiusimamisha pembeni yangu unanipita mbali. Miguu ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, mgongo unashuka kama wa twiga, ndo maana wataalamu wakampa jina la Giraffatitan. Mwanzoni, mwaka 1914, alipewa jina la Brachiosaurus brancai wakidhani ni wa ukoo mmoja na yule wa Marekani, baadaye walipolinganisha mifupa vizuri wakaona hapana, huyu ana ukoo wake. Aliishi kama miaka milioni 150 iliyopita, na kwake ni kusini kwetu huko.

Kuna watu mitandaoni wanasema ni feki, naomba niliweke sawa. Kichwa kilichoko juu na mifupa ya shingo na mgongo ni ya kuigizia, sababu ile ya kweli ni mizito na imeshakuwa dhaifu, huwezi kuining'iniza huko juu, lakini miguu hiyo unayoiona mbele yako ni ile ile iliyotoka ardhini Tendaguru. Na sio wa mnyama mmoja, wamemkamilisha kwa mifupa ya zaidi ya mmoja. Kwangu mimi hilo halijapunguza kitu, nilisimama pale chini ya mbavu karibu nusu saa na mlinzi akawa ananiangalia tu.

Pembeni yake wapo wenzake waliotoka naye, Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni na mkiani, Dicraeosaurus, Elaphrosaurus, yaani nusu ya ukumbi ule ni Lindi tupu.

Na hapa ndo nataka mnielewe, ukisimama pale usiishie kushangaa ukubwa, jiulize alifikaje. Msafara wa Wajerumani ulichimba kuanzia 1909 hadi 1913, vita vya Maji Maji vilikuwa vimeisha juzi tu 1907 na njaa iliyofuata ilikuwa imemaliza watu kusini, kodi ya Mjerumani nayo inadaiwa. Waliochimba ni watu wetu, ilipofika 1911 walikuwa kama 500, na kwa jumla waliondoa zaidi ya tani 200 za mifupa. Gari hakuna, reli hakuna, punda na ng'ombe hawatumiki sababu ya mbung'o, kwa hiyo ni kichwani na mabegani, wapagazi wanatembea kama siku nne mpaka bandarini Lindi, wakitua mzigo wanarudi kubeba mwingine, miaka yote hiyo. Mifupa mingine waliifunga kwenye mianzi ili isivunjike njiani, na kwenye ghala za makumbusho haya kuna mizigo ya mianzi ambayo mpaka leo haijafunguliwa. Nilivyolifikiria hilo miguu iliniisha nguvu, kwamba kuna fundo alilolifunga mtu wa kwetu zaidi ya miaka 100 iliyopita na hakuna aliyelifungua.

Majina yao mengi hayajulikani, tunaambiwa wa mabosi tu, Werner Janensch na Edwin Hennig. Lakini yupo mmoja msimsahau, Boheti bin Amrani, huyu ndo alikuwa mnyapara mkuu wa machimbo na fundi wa kuitoa mifupa bila kuivunja, wazungu wenyewe walimtegemea. Sasa linganisheni, kuna dinosaria mdogo wa Tendaguru aliyepewa jina la Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani huku kwetu, hiyo ilikuwa 1919. Boheti yeye kasubiri mpaka 2007 ndo dinosaria mwingine wa Tendaguru akaitwa Australodocus bohetii. Amepata, nashukuru, ila kachelewa sana kupata na bado watoto wetu hawamjui.

Basi ukitoka hapo watu wengi wanaenda kwa dubu Knut na gorila Bobby, wanyama wa zuu ya Berlin waliokaushwa, ni kazi nzuri sana ya mikono lakini mimi sikukaa. Wala ule ukuta wenye wanyama kama 3,000 waliopangwa pamoja, nimepiga picha nikapita. Kilichonishika ni chumba cha chupa.

Jamani hicho chumba. Ni jengo la upande wa mashariki, bomu liliubomoa mwaka 1945 na ukaja kujengwa upya ukafunguliwa 2010, ndani ni kama chupa 276,000, wanyama kama milioni moja, samaki, nyoka, vyura, kaa, buibui, wote wamelala kwenye spiriti, unazunguka nje ya vioo kuna baridi na giza giza halafu chupa zinawaka rangi ya asali. Dada mmoja pembeni yangu alikuwa anasema inatisha, mimi naona sivyo kabisa. Ile sio mapambo, ni kumbukumbu. Mtu akisema leo nimegundua chura mpya lazima amlinganishe na yule wa kwanza kabisa aliyepewa jina, na huyo wa kwanza yupo mahali kwenye chupa na kikaratasi chake, alikamatwa wapi, lini, na nani. Kikaratasi kikipotea, mnyama anabaki nyama tu ndani ya chupa. Na ukitaka kujua mto fulani ulikuwa na samaki gani kabla ya bwawa na kabla ya mbolea za mashambani, huwezi kurudi nyuma kuvua, unafungua kabati. Spiriti yenyewe inapungua kwa mvuke kwa hiyo kuna watu kazi yao ni kukagua na kuongeza. Vitu walivyonavyo jumla ni zaidi ya milioni 30, tunavyooneshwa ni chembe tu, na nilivyoenda kulikuwa na sehemu unawaona kabisa wafanyakazi wanapiga picha wadudu mmoja mmoja pamoja na vikaratasi vyao ili viingie kwenye kompyuta. Hilo nalisubiri kwa hamu, maana mwanafunzi wa Mtwara au Morogoro hatahitaji viza kusoma kikaratasi cha mdudu wa kwao.

Suala la kumrudisha Mjusi nyumbani limeulizwa sana hata bungeni kwetu. Mimi baada ya kumuona nasema hivi, hata kama mifupa ile iliyosimamishwa ukumbini haiwezi kusafiri, ile mianzi ambayo haijafunguliwa ingefunguliwa Lindi, na vijana wetu wafundishwe kazi ya Boheti.

Kwa huduma na maonesho nawapa nyota tano. Tengeni saa tatu, vaeni viatu vya kutembelea, na mkifika chumba cha chupa muwe na sweta.

Kabla sijatoka nilirudi kwa Mjusi nikampigia mama mkubwa Lindi, video.
"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Ndiye huyo?"
Nikapandisha simu taratibu kuanzia kwenye kucha mpaka kichwani, kimya, nikadhani mtandao umekata. Akaja akasema, "Na waliombeba wameandikwa wapi?" Nikamwambia habari za Boheti bin Amrani. Akalirudia jina mara mbili kama anayelipima, halafu akaniambia nimchapishie picha kubwa, na chini niandike jina hilo kwa herufi zinazosomeka. Nimeshachapisha, iko na mtu anayepanda basi la Lindi Ijumaa.