Uliza kilo: godoro la lateksi nililoagiza mtandaoni, baada ya miezi saba

Kazi yangu ni ushonaji. Nina kibanda cha cherehani mbili hapa Umoja, Nairobi, na kuanzia saa mbili asubuhi hadi magharibi mgongo wangu huwa umepinda juu ya kitambaa. Usiku ndiyo nafasi pekee ya huo mgongo kunyooka, na kwa muda mrefu haukunyooka, maana godoro letu la sponji, lile wauzaji wanaloliita haidensiti, lilikuwa limeshafanya bonde. Nililipima. Nililaza ubao wangu wa kukatia nguo kutoka ukingo hadi ukingo, nikateremsha futikamba: sentimita 4 na nusu upande wangu, sentimita 5 upande wa Baba Neema. Nililinunua shilingi 14,500 na halikufikisha mwaka wa nne.

Mteja wangu mmoja, muuguzi, ndiye aliyenitajia lateksi. Aliponieleza kwamba ni utomvu wa mti wa mpira uliochapwa hadi ukafanya povu, nilimwelewa upesi kuliko alivyotarajia. Baba yangu alikuwa mgema kule Kilifi. Mnazi hugemwa kileleni, kwenye karara, na mpira hugemwa kwenye gome, lakini kote ni kisu, chombo cha kukingia, na mtu anayeamka kabla ya jua. Nikawa na hamu nalo hata kabla ya kujua bei.

Bei ndiyo ilinirudisha chini. Godoro la lateksi la futi 5 kwa 6 nilikuta linauzwa mara tatu au nne ya bei ya sponji, na madukani huku kwetu Eastlands sikuliona hata moja la kubonyeza. Nikabaki na simu.

Mwezi wa Februari niliagiza la kwanza, shilingi 26,500, inchi 8, limeandikwa "lateksi asilia" kwa herufi kubwa. Jina la muuzaji sitalitaja. Kijana wa kuleta mizigo alikataa kulishusha kabla sijalipa kwa M-Pesa, nikalipa. Alipolishusha, alilibeba begani peke yake akapanda nalo ngazi hadi ghorofa ya nne bila kupumzika. Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kushtuka, ingawa sikujua bado kwa nini.

Usiku ule godoro lilikuwa laini, nyonga zikazama. Asubuhi nilichukua wembe wa kufumulia nikafungua mshono wa pembeni, sentimita 10 tu. Ndani kulikuwa na sponji ya manjano, ileile niliyoikimbia. Juu yake waligundisha tabaka jeupe lenye vitundu, na hilo ndilo lilikuwa lateksi. Unene wake sentimita 2. Nilipompigia, muuzaji alijibu, "Mama, si umeiona lateksi? Ipo hapo juu." Tulivutana wiki tatu. Nikamwandikia kwamba Sheria ya Kuwalinda Wanunuzi ya mwaka 2012 inamtaka auzaye mtandaoni akueleze bidhaa sawasawa kabla hujakubali, na sentimita 2 katika inchi 8 si maelezo. Akalichukua, akakata 2,000 za usafiri. Nilizikubali ili niendelee na maisha.

Kabla hawajaja kulichukua, nililipima uzito. Jirani wa kibanda changu hununua vyuma chakavu na ana ule mzani wa kuning'iniza wenye ndoana. Godoro likawa kilo 17. Sasa fuata hesabu hii, maana ndiyo iliyoniokoa baadaye. Futi 5 kwa 6 ni mita 1.52 kwa 1.83, na inchi 8 ni karibu mita 0.2. Zidisha zote unapata mita za ujazo 0.556. Gawa kilo 17 kwa hiyo, unapata kama kilo 30 kwa kila mita ya ujazo. Lateksi ya magodoro kwa kawaida huanzia kilo 60 na kitu hadi 90 na kitu. Kwa uzito ule, godoro lile lisingeweza kuwa lateksi hata muuzaji aape kwa nini.

Mtandaoni huwezi kubonyeza kitu, huwezi kukinusa, na picha zote zinafanana: mwanamke anayetabasamu, glasi ya maziwa pembeni, shuka nyeupe. Kilo lakini ni namba, na namba inaulizika kwa WhatsApp. Kuanzia siku hiyo kila duka nililoliandikia nililiuliza swali hilo la kwanza. Wawili waliniambia "ni zito sana, mama". Mmoja alisema uzito hauhusiani na ubora. Mwingine aliacha kunijibu kabisa.

Duka la tano, lenye ghala Industrial Area, nilimwandikia dada mmoja saa mbili usiku: "Dada, habari ya jioni. Hilo la 5 kwa 6, inchi 6, lina kilo ngapi, na lateksi yake imetengenezwa kwa njia gani?" Baada ya dakika chache akanitumia picha ya kibandiko cha mzigo chenyewe, kilo 34 pamoja na karatasi ya kufungia, kisha akaandika: "Ni la njia ya Dunlop, limetoka Sri Lanka. Si la kilimo-hai, nisikudanganye. Lina cheti cha OEKO-TEX, hii hapa namba yake." Nilisoma ile "nisikudanganye" mara mbili.

Niliitafuta namba ya cheti kwenye tovuti ya wenye cheti na nikaikuta. Ni vizuri mjue cheti hiki kinasema nini: bidhaa imepimwa kemikali zinazodhuru. Hakisemi kwamba utomvu ni wa mti. Wanaotaka uhakika wa kilimo-hai waulize cheti kiitwacho GOLS, ambacho hudai angalau asilimia 95 ya malighafi iwe ya kilimo-hai kilichothibitishwa. Na anayekuandikia "asilia asilimia 100" muulize tena, kwa sababu hata utomvu safi lazima utiwe salfa ili uive, na sabuni ili ufanye povu. Ipo pia lateksi ya kutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli, na wengi huzichanganya zote mbili. Hapo mzani haukusaidii. Haukusaidii pia dhidi ya wanaotia unga wa chokaa ili kuongeza uzito. Ndiyo maana nilitaka kilo na cheti pamoja.

Njia ya Dunlop ndiyo ya zamani, ilianza Uingereza mwaka 1929 katika kampuni ya matairi yenye jina hilo. Povu humiminwa kwenye kalibu, likapikwa. Ile nyingine, Talalay, hutumia pampu ya kunyonya hewa, kisha povu hugandishwa kwa baridi kabla ya kupikwa, nayo hutoa godoro laini zaidi na la bei ya juu zaidi. Kwa mwenye nyonga nzito kama zangu na pesa za kuhesabu, Dunlop ilitosha.

Shilingi 52,000. Zamu yangu ya chama cha kuchangiana pesa ilikuwa 40,000, nyingine nilidunduliza kwa sare za shule za Januari. Walitaka amana ya 5,000, iliyobaki ningelipa mlangoni baada ya kulikagua. Nilimwambia dada yule wazi kwamba nitalipima kwa mzani. Akasema, "Pima, mama, hakuna shida."

Gari lilifika Jumamosi ya mwisho wa Mei kupitia Outering, limechelewa saa mbili lakini dereva alipiga simu njiani kuniarifu. Vijana wawili walilibeba, na walipumzika ghorofa ya pili. Lateksi haina mgongo. Ukiinua upande mmoja, mwingine unakutoka mikononi kama mtoto aliyesinzia. Walilileta likiwa limeviringishwa na kufungwa kwa mikanda, tukalining'iniza kwa mikanda hiyohiyo kwenye mzani wa jirani, uliofungwa kwenye nondo ya ngazi. Jirani alisoma kwa sauti: "Thelathini na tatu na nusu!" Kava peke yake nililipima baadaye, kilo 2 na nusu. Zikabaki 31. Unene niliupima kwa futikamba kwenye kona zote nne, sentimita 15 kote. Mita za ujazo 0.417. Inakuja kama kilo 74 kwa mita. Nikalipa palepale, na wale vijana nikawapa 600 za ngazi juu ya 1,200 za usafiri.

Kava lina zipu pande tatu, na hili kwangu ni jambo kubwa. Muuzaji anayekuwekea zipu anakuruhusu kuona anachokuuzia. Mshono ni wa nyuzi mbili, umekazwa vizuri kwenye pembe, kitambaa ni pamba iliyofumwa kwa kuvutika. Ndani lateksi ina rangi ya maziwa ya tui, imejaa vitundu vya unene wa penseli. Vitundu hivyo ni alama za vile vijiti vya chuma vya kalibu vinavyopeleka moto hadi katikati ili povu liive sawasawa, na baadaye ndivyo hupitisha hewa. Nilibonyeza kwa kidole gumba hadi mwisho, nikaachilia. Lilirudi kabla sijaondoa mkono vizuri.

Usiku wa kwanza nililiona gumu na nikahuzunika. Halikuwa gumu kama ubao, ila mwili ulikuwa umezoea bonde. Usiku wa nne hivi nililala ubavu, bega likaingia kidogo, nyonga ikaingia kidogo, kiuno kikabaki kimeshikwa. Niliamka saa kumi na moja na nusu nikainuka kitandani bila kujishikilia ukutani. Nasema hivi nikiwa na shukrani ya kweli. Mtu ambaye hajawahi kuinuka kwa kushika ukuta hawezi kujua.

Kitu kingine nilichokigundua baada ya mwezi. Nilipoligeuza, upande wa pili ulikuwa mgumu kidogo zaidi. Nilidhani ni kosa, nikamwandikia dada. Akanieleza kwamba katika Dunlop chembe nzito huzama chini ya kalibu kabla povu halijaganda, kwa hiyo upande mmoja hukaza zaidi. Tulijaribu pande zote mbili wiki mbilimbili, na tumechagua ule uliokaza. Baba Neema angependa ule mwingine. Tumekubaliana kubadilisha baadaye.

Kasoro zipo. Harufu ya mpira ilikaa siku tisa, si kali, lakini mwenye kifua asilale nalo siku za kwanza, na mwenye mzio wa mpira amwone daktari kabla ya kutoa hata shilingi. Kulitandika ni kazi, kuinua pembe ya kilo 31 kila asubuhi kunachosha mikono. Ukingo unashuka ukikaa kuvaa viatu. Shuka zetu za inchi 8 zilipwaya, nikazipunguza mwenyewe. Na kitanda chetu kilikuwa na chaga zilizoachana inchi 5, nafasi ambayo lateksi huning'inia ndani yake. Fundi aliongeza mbao tano, zikabaki nafasi zisizozidi inchi 3. Gharama hiyo haiandikwi popote kwenye tangazo, kwa hiyo piga kipimo cha chaga kabla ya kuagiza.

Wapo watakaokushauri ununue tabaka la lateksi la inchi 2 au 3 uliweke juu ya godoro la zamani, kwa bei ya chini zaidi. Kama la zamani bado limenyooka, ni ushauri mzuri. Kama lina bonde, lateksi itafuata bonde.

Mwezi wa Julai, baridi ikiwa imekaza, mama mkwe alikuja kukaa nasi wiki mbili, na asubuhi ya kwanza yenye jua akataka tuliteremshe godoro tulianike uani. Kwetu sote godoro huanikwa, ndivyo tulivyolelewa. Nilimshika mkono nikamwambia, "Mama, hili jua linaliua." Mwanga wa jua huifanya lateksi iwe ya manjano, ikauke na kumeguka kama mkate mkavu. Tulifungua dirisha, tukalisimamisha kivulini, kava nikalifua kwa mkono na maji baridi. Mama aliridhika alipolinusa.

Ni miezi saba sasa. Nililaza tena ule ubao wa kukatia nguo juu yake wiki iliyopita, futikamba ikasoma chini ya nusu sentimita, pande zote mbili. Dhamana yao ni ya miaka 10 na inahesabu bonde kuanzia sentimita 2 na nusu, kwa hiyo risiti na ile picha ya kibandiko nimezihifadhi.

Neema naye anakua na anataka la kwake, futi 3 na nusu kwa 6. Zamu yangu ya chama inarudi Machi. Nimeshamwandikia dada wa Industrial Area kumuuliza uzito, na amejibu kilo 24 pamoja na kava. Nimepiga hesabu. Inakubali.