Gereji ya Kisauni iliyonitayarishia matatu kwa ukaguzi

Matatu yangu ni ya viti 14, inapiga Mtwapa hadi mjini, na usiku hulala Shanzu, mahali ambapo upepo wa kusi huacha chumvi mpaka kwenye vioo. Kila mwaka lazima ipite ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Kenya, kama magari yote ya abiria. Mwaka jana niliitengeneza kwengine, nikaambiwa iko sawa, ikaanguka ukaguzi. Chesisi, yaani fremu ya chini, ilikuwa na kutu, na juu ya kutu wamepaka rangi nyeusi. Rangi ile niliilipia mimi.

Safari hii shemeji yangu alinielekeza kwa fundi mmoja Kisauni, ndani kichochoroni. Kuangalia tu, kabla hajafungua hata nati moja, anatoza shilingi 1,500, na anataka mwenye gari awepo. "Mama, gari ni lako. Shuka shimoni uone." Nikafunga leso kiunoni, nikashuka.

Alikuwa akigonga chesisi kwa mpini wa bisibisi, hatua kwa hatua, na chuma kikilia vizuri. Karibu na gurudumu la nyuma la kushoto mlio ukafa. Akageuza bisibisi, akasukuma kidogo, ncha ikazama, na magamba ya kutu yakanimwagikia mkononi. Pale palipochongwa namba za chesisi hakugonga kabisa. Alipasugua taratibu kwa brashi ya waya na mafuta ya taa mpaka zikasomeka zote, nikazilinganisha na logibuku, kitabu cha umiliki wa gari, kisha akamwonya mchomeleaji asipafikie. Mkaguzi huzitazama namba hizo, na ukizichomelea umejitafutia kesi.

Halafu magurudumu. Akapiga jeki, akashika tairi juu na chini, akalitikisa: likicheza hivyo, tatizo ni beringi au boljointi, kiungo cha gurudumu. Akalishika kushoto na kulia: hapo ni tairodi, fimbo ya steringi inayogeuza gurudumu. Aliniachia nilishike mwenyewe, na kweli la mbele kulia lilikuwa likicheza ubavuni. Dereva wangu alikuwa akilalamika kwamba steringi ina ulegevu tukishuka daraja la Nyali, na mimi nikidhani ni uvivu wa kuendesha. Nilimwomba radhi siku hiyohiyo.

Breki nazo alinieleza vizuri. Mashine ya kupima breki hulinganisha gurudumu la kushoto na la kulia, kwa hivyo gari linaweza kusimama na bado likaanguka, ikiwa upande mmoja unashika kuliko mwengine. Kwangu silinda ndogo ya gurudumu moja ilikuwa ikivuja, mafuta yamelowesha viatu vya breki.

Yaliyobaki tuliyapitia haraka: taa na indiketa, waipa, honi, moshi, matairi, mikanda yote ya viti (miwili ilikuwa imekatika), pembetatu mbili za tahadhari, kizima moto, sanduku la huduma ya kwanza, mstari wa njano wa ubavuni, na spidi gavana, kidhibiti mwendo, isiyopita kilomita 80 kwa saa. Mikanda na gavana tunazo tangu sheria za 2004 za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, na mimi naziunga mkono mpaka leo. Kiti changu cha nyuma hukaa watoto wa shule.

Kasoro zipo. Hapana kivuli, foleni ni ndefu, na waliniahidi Alhamisi wakanipa gari Ijumaa jioni. Siku moja ya kazi ikapotea. Lakini vipuri vya zamani nilirudishiwa vyote ndani ya mfuko, na kila shilingi iliandikwa.

Siku ya ukaguzi nililipia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, dereva akaenda, gari likapita mara ya kwanza. Ukienda Kisauni, fika kabla ya saa mbili asubuhi, beba logibuku, na uvae nguo usiyoionea uchungu.