Gari la Paa la Kukunjwa: Kabla ya Kufungua Boneti, Mwaga Kikombe cha Maji

Harufu ndiyo iliyoniumbua. Siku ya tatu baada ya kulipa, nilifungua mlango nikapokewa na harufu ya taulo bichi lililosahauliwa kwenye begi wiki nzima. Nikapenyeza mkono chini ya kapeti, nyuma ya kiti cha dereva. Maji. Sisemi unyevunyevu, nasema maji, na majani mawili yakielea. Gari nililoliota miaka na miaka lilikuwa bwawa lenye magurudumu manne. Jina lake silitaji, kwa sababu kiwanda hakikunikosea. Mimi mwenyewe nilikagua injini, gia, tairi na rangi, nikaviruka vitundu viwili ambavyo hata kidole hakipiti.

Kwa hiyo humu usitafute nguvu za farasi wala gari lipi linafika kasi 100 kwa sekunde ngapi. Hayo yameandikwa kila mahali. Mimi ninayapanga magari haya kwa swali moja tu: mvua ikinyesha juu ya paa, maji yanapita wapi hadi kufika chini?

Paa la turubai halimwagi maji yote nje ya gari. Sehemu yake huteremkia nyuma, huingia kwenye mfereji uliofichwa pale paa linapojikunja, kisha hushuka kwa vitundu na mipira miwili ya kupitishia maji, kulia na kushoto, hadi chini ya gari. Vumbi, majani na nyuzinyuzi za turubai lenyewe zikiziba vitundu hivyo, maji hufurika na kuingia ndani. Au hutuama kwenye boksi la chuma linalopita chini ya mlango, na hapo ndipo penye balaa. Gari la kawaida limeshikwa na paa lake. Gari la wazi halina kitu juu, kwa hiyo maboksi yale mawili ndiyo uti wa mgongo wake. Kutu ikiyala kutoka ndani, nje rangi bado inang'aa, gari limeshaanza kulegea.

Najua utauliza: sasa mateso yote haya ya nini? Ndugu yangu, shusha paa kwanza. Kilomita 60 kwa saa unazihisi kama 100, kwa hiyo unafurahi bila kuvunja sheria. Unasikia harufu ya udongo uliolowa kabla hujaiona mvua yenyewe. Ukiingia kwenye handaki, injini inaimba na kuta zinaitikia. Usiku wa baridi pandisha vioo vya milango, washa joto la miguuni, uendeshe huku nyota zimekufunika. Na kile kiwavu cha kuzuia upepo nyuma ya viti usikidharau. Upepo unaokupiga kisogoni hauji moja kwa moja kutoka mbele. Kioo cha mbele huurusha juu, mgandamizo wa hewa nyuma yake unapungua, na hewa inarudi kinyumenyume kati ya viti kuja kujaza pengo. Kati ya kiwavu na redio ya bei mbaya, mimi nachukua kiwavu.

Sasa kipimo changu. Simamisha paa nusu, utafute kitundu kwenye kona ya mfereji, umimine kikombe cha maji polepole. Mwenzako achungulie chini ya gari. Maji yakitoka upesi, endelea na mazungumzo. Yakitulia yakikutazama, na wewe mtazame muuzaji. Kisha tia mkono chini ya kapeti pande zote mbili, na uinue kifuniko cha sakafu ya buti. Kama utazibua mwenyewe, tumia uzi laini wa nailoni. Waya hutoboa mpira, na upepo wa kompresa unaweza kuuchomoa kwenye kiungo chake, ukawa umejiletea ugonjwa mpya.

La kwanza kwangu ni Mazda MX-5, na sifichi upendeleo wangu. Lilizinduliwa Chicago mwaka 1989, na Aprili 2016 lilitengenezwa la milioni moja. Faida ya wingi huo ni kwamba kila tatizo lake limeshampata mtu mwingine kabla yako, na fundi anajua pa kuanzia. Siwezi kulisafisha: matoleo mawili ya mwanzo, lile la taa za kuchomoza na lililolifuata mwaka 1998, yanaliwa na kutu hapohapo mbele ya magurudumu ya nyuma, mwisho wa mipira ya maji. Lakini vitundu vyake unavifikia kwa mkono na tochi, bila kung'oa nusu ya gari. Ukiweza, chukua toleo lililoanza 2015. Lina uzito wa karibu tani moja tu, na paa lake la turubai unafungua kishikio, unalitupa nyuma kwa mkono mmoja ukiwa umekaa. Halina mota. Kisichokuwepo hakiharibiki.

Honda S2000 linafuata. Lilitengenezwa kuanzia 1999 hadi 2009, na injini ya lita 2.0 ya matoleo ya mwanzo ilipanda hadi mizunguko 9,000 kwa dakika. Angalia turubai pale fremu inapolisugua nyuma ya milango. Huchubuka, kisha hutoboka. Kinachoniudhi ni wamiliki. Tangu uzalishaji ukome, kila mwenye nalo anajiona mwenye makumbusho, na bei anaitamka kwa sauti ya chini kama anatoa siri ya familia.

Porsche Boxster la kwanza, la 1996, lina injini katikati na mizani ya kupendeza mno. Watu wote watakuonya kuhusu beringi ya shafti ya kati, iliyo ndani ya injini na ikivunjika huiua injini yenyewe, na wako sahihi. Wanachosahau kukwambia ni kisanduku cha kielektroniki cha kuzuia wizi, ambacho kimewekwa sakafuni chini ya kiti. Vitundu vikiziba, maji hayana pengine pa kwenda ila hapo. Asubuhi yake gari halikutambui.

BMW Z4 la 2002 hadi 2008 lingekuwa juu zaidi kama aliyepanga paa lake angefikiria mvua. Mota ya kuendesha paa imewekwa ndani ya shimo lilelile la kupitisha maji, upande wa kushoto. Kitundu kikiziba, mota inazama. Mafundi wengi wamechoka kubadilisha, wanaihamishia kwenye buti. Muuzaji akikwambia "paa linafanya kazi, leo tu betri imechoka", umeshajua hadithi yake.

Mercedes SLK la 1996 lilikuja na paa la chuma linalojikunja, na wengi hudhani chuma kimemaliza habari ya maji. Raba za paa huzeeka, silinda za mafuta ya kuliendesha huvuja, na paa likishashuka buti linabaki la kutia mkoba. Ni zuri kwa anayetaka utulivu. Mimi nililiendesha mara moja nikasinzia.

Ya bei ya chini? Toyota MR-S, kama huna mzigo. Mengine tuyaache.

Nimalizie na wauzaji, maana nina kinyongo nao. Gari lililooshwa asubuhi hiyohiyo, likaning'inizwa manukato matatu kwenye kioo cha kati, lina linachoficha. Vioo vimeshushwa "ili uhisi upepo" kumbe linakaushwa. Niliyenunua kwake nilimpigia simu nikiwa nimeshika lile jani bichi. Akanijibu bila hata kikohozi: "Dada, si ulitaka gari la wazi? Sasa maji yasiingie vipi?" Akakata. Kapeti lilikauka baada ya siku kumi na moja, harufu ingalipo.