Nyumba ya bibi imeongezwa chumba kwa chokaa: uzoefu wangu wa miezi saba

Nyumba ya bibi yangu ipo Makunduchi, kusini ya Unguja. Imejengwa kwa mawe, chokaa na udongo mwekundu. Ina vyumba vitatu na ukumbi, na kuta zake ni nene kiasi kwamba tulipokuwa wadogo tukikaa ndani ya dirisha kama tumo barazani. Mama ndiye anayeishi humo. Dada yangu aliporudi na watoto wake pakawa hapatoshi, nikaamua kuongeza chumba kimoja kikubwa na jiko upande wa uani, kwa vifaa vile vile vya mwanzo. Wengi wameniuliza yalivyokwenda, basi haya hapa.

Sikuchagua chokaa kwa kupenda ya kale. Miaka ya tisini mjomba alipata fedha akapiga plasta ya saruji ukuta wote wa mbele, tukamshukuru. Lakini ukuta wa mawe na chokaa hunyonya maji kutoka chini na kuyatoa taratibu kupitia uso wake. Ukishauziba kwa saruji, maji hayana pa kutokea, hupanda juu zaidi na chumvi yake. Kila masika plasta ilivimba ikadondoka vipande vikubwa kama masinia, na jiwe la nyuma yake limegeuka unga. Ukuta wa uani, ambao hakuna aliyekuwa na fedha za kuutengeneza, ndio mzima mpaka leo.

Mafundi wa mwanzo niliwatoa mjini. Walisema chokaa wanaijua. Wiki ya pili nilifika asubuhi bila ya kuarifu, nikamkuta kibarua anakung'uta mfuko wa saruji ndani ya mchanganyiko, eti "kidogo tu, ushike haraka". Tuliachana siku hiyo hiyo. Mawe waliyokuwa wameshajenga tukayabomoa, na hiyo ilikuwa hasara yangu mimi.

Baadaye jirani alinipeleka kwa mzee mmoja wa huku huku kijijini, ameshastaafu, mikono imekauka kwa chokaa. Hakuniuliza bei wala ramani. Alikwenda kwenye ukuta wa zamani, akang'oa kipande cha mchanganyiko baina ya mawe mawili, akakivunja kwa vidole na kukinusa. "Hii udongo mwingi, chokaa kidogo, mwanangu. Wewe ukija na saruji hapa, nyumba ikitikisika kitapasuka kilicho laini. Na kilicho laini ni cha bibi yako." Nikamkabidhi kazi.

Sasa lile ambalo sikulijua: chokaa ni kazi ya kungoja. Chokaa yenyewe tuliinunua kwa wachomaji wa tanuu, wale wanaopanga magogo ya minazi kwa duara, wakarundika mawe juu yake na kutia moto ukawaka siku kadhaa. Inapofika bado ni mawe meupe mepesi. Unaitia shimoni, unamwaga maji, nayo inachemka yenyewe mpaka inatoa mvuke. Watoto wafukuzwe kabisa, tone moja likiingia jichoni ni balaa. Halafu unaifunika chini ya maji na kuiacha. Mzee alitaka miezi miwili. Mimi nilikuwa na likizo ya wiki tatu! Nikarudi mjini, nikawa naja Jumamosi na Jumapili kuangalia shimo lisilo na jipya lolote, Mama akinicheka. Ilipofunguliwa ilikuwa laini kama samli iliyoganda.

Msingi ulikuwa rahisi, maana ardhi yetu ni ya maweni. Futi moja na nusu tu sururu inagonga mwamba. Mawe yale yale yaliyochimbwa yakaingia ukutani. Ukuta mpya una unene wa sentimita 45, na hapa nawaonya mapema: chumba cha mita nne kwa nne kwa nje, ndani kinabaki mita 3.1. Dada alipoleta kitanda ndipo alipoamini. Kuunganisha na ukuta wa zamani, mzee alitoa jiwe moja moja kwa kupishana ili mawe mapya yaingie kama meno, kisha akatomea mianya yote kwa vijiwe vidogo. Siku nzima aliishughulikia kona moja, nami nikiwa nimemlipa kwa siku, roho ikiniuma. Leo kona hiyo haina hata ufa wa unywele.

Nyufa zipo ukuta unaotazama bahari. Tulipaka plasta wakati kusi inavuma kwa nguvu, upepo ukaikausha juu kabla ya ndani. Chokaa inataka kunyweshwa: magunia yaliyoroweshwa maji, asubuhi na jioni, zaidi ya wiki. Kibarua alisahau siku mbili, tukaikwangua plasta yote na kuanza upya, na huko nyuma ya jiko bado unaona alama.

Paa la chumba ni makuti ya viungo juu ya miti ya mvinje. Nilitaka boriti za mikoko kama za bibi, lakini ukataji wa mikoko una masharti, na nikisema najenga kwa kuyajali mazingira huku navua ufukwe nguo, nitakuwa najidanganya. Mvinje unapandwa, unapatikana, ila mchwa wanaupenda. Mafundi waliupaka oili chafu miguuni. Si kitu cha asili hata kidogo, najua, na nikaiacha hivyo hivyo. Jiko nililiezeka bati. Sisi watu wa Makunduchi tunajua makuti yanavyowaka. Kila Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, tunakichoma kibanda makusudi na hata kope hujapepesa kimekwisha. Choo nacho kina saruji, na sioni haya.

Wanaosema chokaa haina madhara nao watulie. Minazi inachomwa pale, na moshi unaonekana mbali. Ila jiwe la chokaa huiva kwenye joto la nyuzi 900 hivi, saruji hutaka kama 1,450, na plasta ya chokaa inavyokuwa ngumu hurudisha ndani yake sehemu ya hewa ya ukaa iliyotoka tanuuni.

Kwa fedha: vifaa vilikuwa nafuu, ujira ukala nafuu hiyo yote na kuzidi. Miezi mitatu niliyopanga ikawa saba. Mzee fundi nampa nyota tano kwa kazi na mbili kwa saa, maana akiwa na maziko au harusi hapatikani, na kijijini kwetu hazikosi. Masika moja imeshapita: chumba kipya hakina harufu ya unyevu, na mchana Mama anahamia humo kwa ubaridi wake. Makuti nimeambiwa yatadumu miaka minne, mitano nikibahatika, kwa hivyo nimeshaanza kuweka akiba.

Chokaa iliyobaki bado imo shimoni chini ya maji. Jirani keshaniomba karai mbili, na mjomba anauliza kama itatosha ukuta wa mbele.